Sheria Imeingia Uani: Mwenye Nyumba wa Kalangalala na Kodi Mpya

Nasema nanyi mlioko Kalangalala, Nyankumbu, Buhalahala na Mtakuja hapa Geita mjini, na ninyi mnaotusikia huko Katoro, Mgusu na Nyarugusu. Jambo la leo linamgusa kila anayelala chini ya bati, liwe lake au la kupanga.

Nataka tuzungumze juu ya wenye nyumba. Najua wengi wakitajiwa mwenye nyumba hukumbuka ugomvi: malipo ya miezi sita kwa mkupuo, notisi ya siku saba, bomba lililofungwa makusudi. Ugomvi huo upo na nitaufikia. Lakini kwa miaka michache sasa Serikali imetunga sheria na kanuni zinazomwangukia mwenye nyumba binafsi, moja baada ya nyingine, na huku mtaani zinasikika zaidi kama uvumi. Mpangaji anasikia nusu, mwenye nyumba anasikia nusu nyingine, halafu wanakutana mlangoni tarehe moja ya mwezi.

Tuelewane kwanza kuhusu huyo mwenye nyumba. Wenye maghorofa wana mawakili na wahasibu wao, jioni hii siwazungumzii. Ninayemkusudia ni yule mwenye nyumba kubwa mbele anayokaa mwenyewe na watoto, na uani ana vyumba vitano au sita vilivyopangwa mstari mmoja, vinatazamana na ukuta wa jirani. Choo cha pamoja. Bomba moja la maji la GEUWASA. Mita moja ya umeme wa LUKU, au mbili akijitahidi. Vyumba hivyo hakuvijenga kwa mwaka mmoja. Cha kwanza alikipiga msingi mwaka ambao duara la dhahabu lilitema, cha pili kilisubiri mpunga, cha tatu kilijengwa kwa mkopo wa kikundi, na hadi leo cha mwisho hakina lipu. Kwake vyumba hivyo ndivyo pensheni, ndiyo ada ya shule, ndiyo bima.

Watu wa namna hiyo ndio waliobeba ukuaji wa mkoa huu. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule Geita ilipotangazwa kuwa mkoa, ilituhesabu watu 1,739,530. Sensa ya mwaka 2022 ikatuhesabu 2,977,608. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni 1.2 katika miaka kumi. Wengine tumewazaa wenyewe, wengine wamefuata dhahabu: wachimbaji, wachenjuaji, mafundi, mama lishe, walimu wapya, madereva, vijana wa kampuni za ukandarasi zinazofanya kazi mgodini. Wengi wao walifika na begi moja wakauliza, "Kuna chumba hapa?" Aliyewajibu ni mtu mwenye vyumba vitano uani.

Sasa twende kwenye sheria zenyewe.

Iliyozua kelele nyingi kuliko zote ni kodi ya zuio kwenye pango. Kodi yenyewe si mpya. Kwa miaka mingi kampuni, taasisi au mfanyabiashara aliyepanga jengo alitakiwa kukata asilimia 10 ya pango kabla ya kumlipa mwenye jengo, na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Aliyepanga chumba cha kulala tu aliachwa nje ya utaratibu huo. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyetegemewa kwenda kutangaza mapato yake, na tunajua ni wangapi walikwenda. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikabadilisha jambo hilo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022, hata mtu binafsi aliyepanga kwa ajili ya kuishi akatakiwa kuzuia ile asilimia 10.

Hapo ndipo sintofahamu ilipoanza. Wapangaji wakaelewa kuwa wao wameongezewa kodi. Kisheria sivyo. Kodi ni ya mwenye nyumba, mpangaji amefanywa wakala wa kuikusanya. Kama pango ni shilingi 80,000 kwa mwezi na unalipa miezi sita, jumla ni 480,000. Unakata 48,000 unaipeleka TRA, unamkabidhi mwenye nyumba 432,000 pamoja na hati ya kuonyesha kwamba kodi yake imelipwa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Ukija huku uani mambo hayaendi hivyo. Mwenye nyumba anasema, "Mimi nataka laki nne na themanini yangu mkononi, hayo ya TRA utajua mwenyewe." Ili yeye apate 480,000 kamili baada ya makato, pango la miezi sita linabidi lipande hadi 533,333, na kodi yake ni 53,333. Fedha hiyo inatoka mfukoni kwa muuza mboga aliyekuja kutafuta chumba. Naye hana pa kwenda kulalamika, kwa sababu chumba kikiachwa wazi asubuhi, jioni kimepata mtu. Mji unaojaa kwa kasi kama wetu unampa mwenye chumba nguvu ya kuusukuma mzigo wake kwa mwenzake, na waliotunga sheria hii sioni kama walilipima jambo hilo.

Lakini tumsikilize na mwenye nyumba, maana ana hoja nzito ambayo haisemwi. Kodi hii inakatwa kwenye pango lote, si kwenye faida. Choo kikijaa, gharama ya gari la kunyonya haitolewi kwanza. Upepo wa Oktoba ukibeba bati, bati hilo halimo kwenye hesabu. Mfanyabiashara wa duka akiandika mahesabu anatoa gharama zake, kisha anatozwa kwenye kinachobaki. Huyu mama wa vyumba vitano anakatwa kuanzia shilingi ya kwanza. Binafsi naona asilimia 10 ya pango lote ni kubwa kwa mtu wa kiwango chake. Majirani zetu Kenya nao hutoza mapato ya pango kwa wenye nyumba wadogo na wa kati bila kutoa gharama. Walianza na asilimia 10 mwaka 2016, na kuanzia Januari 2024 wakaishusha hadi asilimia 7.5. Sioni kwa nini sisi tusilifikirie jambo hilo.

Jambo la pili liko ndani ya simu yako. Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo inakusanywa kupitia umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba za ghorofa zina kiwango chake kikubwa zaidi. Fungua ujumbe wa LUKU uliotumiwa mwanzoni mwa mwezi uusome taratibu. Kuna tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Kuna VAT asilimia 18, kuna REA asilimia 3, kuna EWURA asilimia 1. Na pale mwezi unapoanza kuna mstari mwingine, wa kodi ya majengo. Mstari huo ni deni la mwenye jengo, na aliyeulipa ni yule aliyenunua umeme.

Fikirieni ua wenye wapangaji watano na mita moja. Tarehe moja umeme umekata saa mbili usiku. Kijana wa chumba cha tatu, aliyetoka machimboni akiwa na elfu tano, ndiye anayenunua. Katika elfu tano yake, 1,500 imekwenda kwenye kodi ya jengo ambalo hata hajui mpaka wake uko wapi. Mwenzake wa chumba cha nne akinunua tarehe tatu, hakatwi kitu. Nimesikia ua mzima ukigombana kwa ajili ya shilingi hizo 1,500, watu wakiviziana gizani kila mmoja akisubiri mwingine aanze. Serikali ilipoanzisha utaratibu huu ilieleza wazi kuwa mpangaji anayo haki ya kurudishiwa na mwenye nyumba, wakubaliane kwenye pango. Makubaliano hayo nani aliyeyasimamia? Mwenye nyumba mwungwana angesema mwanzoni mwa mwaka: elfu kumi na nane hii ni yangu, nikateni. Wapo wanaosema hivyo, na nawapongeza kwa dhati. Wengi hawasemi.

Kanuni ya dola nitaipitia haraka, kwa kuwa inawagusa wachache, ingawa wachache hao wako hapa hapa mjini. Wapo waliojenga nyumba nzuri zenye uzio wakilenga wataalamu wa madini na kampuni zao, wakazoea kutaja bei kwa dola. Mwaka 2018 ulipoanza, Wizara ya Fedha ilishatoa tamko kwamba bei, zikiwemo pango za nyumba, zitajwe kwa shilingi. Wengi walilisikia wakaendelea kama kawaida. Mnamo Machi 2025 zikaja kanuni za kuzuia matumizi ya fedha za kigeni kwa miamala ya ndani ya nchi, na safari hii kutangaza bei kwa dola au kumlazimisha mtu alipe kwa dola ni kosa. Mwenye mkataba wa zamani wa dola alipewa muda wa kuurekebisha. Kama wako haujaguswa, usingoje mwanasheria wa kampuni iliyopanga nyumba yako aje akukumbushe, kwa sababu yeye atakumbuka siku inayomfaa yeye. Na kwenye udalali, amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15 imeutaja udalali wa nyumba na uchimbaji mdogo wa madini kwa pamoja. Kwa Geita hizo ni biashara mbili zinazokutana meza moja kila siku.

Wasikilizaji, nikiziangalia sheria hizi zote, naona jambo moja linalonisumbua. Kila moja inahusu fedha au biashara. Inayosema mpangaji na mwenye nyumba waishi vipi haimo.

Haikuwa hivyo siku zote. Azimio la Arusha mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikapitisha sheria ya kutwaa majengo, na majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye baadaye, mwaka 1990, shughuli zake zikaunganishwa na za Shirika la Nyumba la Taifa. Siku hizo mwenye nyumba alionekana mnyonyaji. Mwaka 1984 ikatungwa Sheria ya Kudhibiti Pango: kukawa na mabaraza ya pango, na mwenye nyumba hakuwa na uhuru wa kupandisha bei au kumtoa mtu anavyotaka. Mwaka 1991 masharti ya uongozi ya Azimio hilo yalilegezwa katika kikao kule Zanzibar, na kiongozi akaruhusiwa kupangisha kama mtu mwingine. Kisha mwaka 2005 ile Sheria ya Kudhibiti Pango ikafutwa kabisa.

Sitetei irudi kama ilivyokuwa. Ilidumaza ujenzi, na nyumba nyingi za mjini zilichakaa kwa sababu pango halikutosha kupaka hata rangi. Lakini ilipofutwa, mahali pake pakabaki wazi. Tumebaki na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo ina sehemu nzuri ya upangaji, ila ni wachache waliowahi kuifungua. Inamtaka mwenye nyumba amwachie mpangaji akae kwa amani bila kubughudhiwa, na paa, kuta kuu na mifereji mikuu viwe katika hali nzuri. Inamtaka mpangaji alipe kwa wakati na aitunze nyumba. Na mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo inaukubali hata kama ni wa mdomo. Huo wa mdomo ndio tunaoishi nao sisi. "Kaa tu mwanangu, tutaelewana." Siku ya kutoelewana hakuna karatasi.

Hapo ndipo nafika kwenye ile miezi sita. Tangu William Lukuvi akiwa Waziri wa Ardhi tumesikia viongozi wakisema mtindo wa kudai miezi sita au mwaka mzima ukomeshwe, watu walipe kwa mwezi. Ninamwelewa mpangaji: mshahara unakuja kwa mwezi, mchimbaji anaishi kwa siku, na laki nne na ushee kwa mkupuo inamlazimisha mtu akope kwa riba ya kuumiza. Lakini mwenye nyumba wa mji wa dhahabu anadai miezi sita kwa sababu anaijua rashi ya dhahabu. Leo ua umejaa, kesho habari inafika kwamba kuna shimo limetema huko porini, na alfajiri vyumba vitatu viko wazi, godoro halipo, deni la miezi miwili limebaki na sufuria iliyotoboka. Atamdai nani, na wapi?

Zamani kidogo angekwenda Baraza la Kata. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea Baraza la Kata uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi, likabakiziwa kusuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha katika siku 30, ndipo shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mgogoro wa kiwanja nadhani utaratibu huo una busara yake. Kwa deni la shilingi 160,000 la chumba cha uani ni mlima. Nauli, karatasi, kuahirishwa, mpaka gharama inalipita deni. Basi mwenye nyumba anajichukulia sheria mkononi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua miezi sita mapema, na ya pili ni kufuli. Anafunga mlango vitu vikiwa ndani, au anang'oa mlango wenyewe, au anapandisha fundi kuezua bati mpangaji akiwa kazini. Hilo la kuezua bati nalilaani bila kumung'unya maneno. Mtoto analala ndani ya chumba hicho. Lakini mkipiga marufuku miezi sita bila kumpa mwenye nyumba mahali pa kudai deni lake ndani ya siku chache, mtapata makufuli mengi zaidi.

Waganda wamekwenda mbele yetu kidogo katika hili. Mwaka 2022 walipata Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji. Upangaji wa thamani ya shilingi zao 500,000 na zaidi lazima uandikwe. Pango haliwezi kupandishwa ovyo, kuna ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka. Kumtoa mpangaji kwa nguvu pasipo amri ya mahakama hakuruhusiwi. Ina kasoro zake, na wenye nyumba wa Kampala waliipinga, lakini angalau pande zote mbili zimetajwa ndani ya kitabu kimoja. Sisi tunachokifungua ni kitabu cha kodi tu.

Kwa hiyo nasema waziwazi ninachokitaka. Kwa wabunge: tungeni sheria ya upangaji, na mnapoitunga mfikirieni mwenye vyumba vitano kabla ya mwenye ghorofa. Muwekeeni kiwango cha kodi kinachoacha nafasi ya matengenezo. Lipeni Baraza la Kata nguvu ya kuamua madeni madogo ya pango ndani ya wiki mbili, na mpangaji naye apate kulitumia kudai fedha yake anapofukuzwa miezi minne kabla ya muda. Mkishafanya hayo, pigeni marufuku miezi sita, nami nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono.

Kwenu wenye nyumba wenzangu wa Kalangalala, nina neno gumu kidogo. Tumezoea kujificha. Hatutaki stakabadhi, hatutaki kuandika, tukidhani tunaikwepa TRA. Lakini ukijificha kwa TRA umejificha pia kwa baraza, kwa benki na kwa sheria. Huwezi kwenda mbele ya hakimu kudai pango ambalo umekana kulipokea. Hati za kodi ya zuio zinaweza kumwonyesha afisa mikopo kwamba una kipato, na mkopo wa kuvimalizia lipu vile vyumba unaanzia hapo.

Na kuna hatua isiyosubiri Bunge. Ofisi ya mtaa inaweza kuwa na fomu moja ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, inayojazwa mbele ya mwenyekiti au mtendaji mpangaji anapoingia. Majina na namba za NIDA za wote wawili. Pango ni shilingi ngapi kwa mwezi, na limelipwa hadi tarehe ngapi. Kodi ya zuio anapeleka nani, na hati anakabidhiwa nani. Ile 1,500 ya LUKU inarudishwaje, kila mwezi au inakatwa mwisho wa mwaka. Maji na choo vinalipwa kwa chumba au kwa kichwa. Notisi ni siku ngapi kwa kila upande. Bati likivuja, fundi anaitwa na nani, na ndani ya siku ngapi. Nakala tatu: ya mwenye nyumba, ya mpangaji, na ya kubaki kwenye jalada la mtaa. Madiwani wetu wana mamlaka ya kupendekeza sheria ndogo za halmashauri. Naomba diwani wa Kalangalala ailete fomu hii kwenye kikao kijacho, na mwenyekiti yeyote wa mtaa aliye tayari kuanza nayo kabla ya hapo atupigie simu hapa studio, tuisome hewani mstari kwa mstari na wasikilizaji waseme kilichosahaulika.